Baba Mkwe Nyuma ya Mianzi

Uso wa baba mkwe wangu niliuona mara moja tu maishani, na hata mara hiyo ilikuwa kwa makosa. Nasema hivi mapema kwa sababu watu wakisikia kwamba niliolewa Rungwe, na kwamba kila likizo nilipanda kile kilima chenye maduka ya mianzi, hudhani nina picha yake ukutani. Sina. Hata jina lake sitalitaja, na si kwamba nimelisahau. Mkwe hatamki jina la baba wa mumewe, na mimi, pamoja na usomi wangu wote, nimegundua kwamba mdomo wangu umeshazoea hivyo.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Watu wa umri wangu hawahitaji maelezo. Kwa wengine niseme tu kwamba tulikuwa tumetoka kwenye kupanga foleni kutafuta sabuni, tukaamka siku moja tukakuta sabuni zinatutafuta sisi. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nafundisha sekondari Mbeya mjini, na nimeolewa na bwana shamba mmoja mpole, Mnyakyusa, mwenye tabia ya kukueleza mambo makubwa ya maisha kwa sauti ya mtu anayeomba asogezewe chumvi. Ndivyo alivyoniambia tulipokuwa tunajiandaa kwenda kwao kwa mara ya kwanza:

"Halafu kuna jambo dogo. Baba usimwangalie."

"Nisimwangalie vipi?"

"Usimwangalie tu. Wala usiongee naye, wala usikae alipokaa. Mkikutana njiani, wewe unaingia kwenye migomba. Ndiyo heshima yetu."

Nilicheka. Sikucheka kwa dharau. Nilicheka kama mwanafunzi aliyefungua karatasi ya mtihani akakuta swali alilolikeshea. Chuoni nilikuwa nimeandika insha ndefu kuhusu makabila ambayo wakwe hukwepana, nikapata alama nzuri, na mhadhiri akasoma kipande chake mbele ya darasa. Basi nikamwambia mume wangu asihangaike kunifundisha, hilo nalijua vizuri. Tena hata nilikuwa nimeshafaidika nalo bila kujua: harusi yetu ilifungwa kwetu Singida, na baba mkwe hakuja. Alituma wadogo zake na salamu.

Tulishuka Tukuyu kwenye mvua. Kwetu Singida mvua ikinyesha watu hutoka nje kuitazama. Tukuyu watu hutoka nje kuangalia kama imeacha. Mume wangu akabaki Bulyaga, hapo hapo mjini, kutafuta gari la kupeleka godoro na mizigo tuliyomnunulia mama yake. Mimi sina subira. Nikapata lifti kwenye lori la majani ya chai lililokuwa likielekea upande wa Masukulu, nikashushwa kwenye njia ya kupanda, nikiwa na mwavuli mmoja na maelekezo ya mume wangu: "Ukifika juu, uliza tu kwetu. Hakuna asiyepajua."

Sikuuliza. Nilipofika juu nilisahau kabisa kwamba nimekuja ukweni.

Kilima kile kilikuwa na mgongo mrefu, na juu ya mgongo maduka yalijipanga upande huu na huu, katikati njia pana ya udongo mwekundu. Mengine yalikuwa yameshabadilika kuwa matofali, lakini yale ya zamani yalikuwa bado yamesimama: kuta za mianzi iliyosimamishwa wima, imebanana, imeinama kidogo kwa nje kama watu wanaosikiliza jambo. Katikati ya mianzi na mianzi palipachikwa vitonge vya udongo, mstari juu ya mstari, kila kitonge kimebonyezwa kwa kidole. Mapaa ya nyasi yalishuka chini hadi mtu mzima lazima ainame kuingia. Nyuma kulikuwa na migomba, na nyuma ya migomba mlima Rungwe, siku zile mawingu yanapokubali. Upande wa pili nchi iliteremka, ikateremka, hadi kule Kyela kwenye joto na mpunga.

Nikachagua duka lililokuwa la zamani kuliko yote, nikaanza kupapasa ukuta wake kama mtu anayechagua kitenge.

"Ukuta hauuzwi, mama," sauti ikasema kutoka ndani. "Chumvi ipo."

Nikainama, nikaingia. Nyuma ya kaunta alikaa mzee mwembamba mwenye koti la suti na sweta chini yake, kofia kichwani, na macho ya mtu anayefurahia jambo ambalo bado hajakwambia. Herufi ya "r" ilimgomea maisha yake yote, na kila ilipotakiwa alitumia "l" bila wasiwasi; hapa nimemrudishia "r" zake zote. Nikamwambia nimevutiwa na ukuta.

"Umevutiwa na mianzi? Sasa huko unakotoka mnajengea nini?"

"Udongo, baba. Na jua."

Akacheka hadi kofia ikasogea. Hapo ndipo yalipoanza mazungumzo mazuri kuliko yote niliyowahi kuwa nayo. Alinieleza kwamba vitonge vile vya udongo ni kazi ya wanawake, na kwamba anaweza kukuonyesha kidole cha mama yake ni kipi na cha mkewe ni kipi. Alinieleza kwa nini wafanyabiashara walipanda kilima badala ya kukaa chini barabarani. Wazee walisema ni kwa sababu ya mbu. Yeye alisema ni kwa sababu mfanyabiashara anatakiwa amwone mteja kabla mteja hajamwona yeye, apate muda wa kupanga uso. Mchele ulipanda kutoka Kyela, maharage yakateremka, nguo zikapita, majembe yakapita, na kila kitu kilipofika hapa juu kilitaka kupumzika, na kikipumzika kilitaka kuuzwa.

"Na miaka ile ya shida je?" nikauliza. "Hukufunga duka?"

"Sikufunga hata siku moja. Nilikuwa nafungua asubuhi, nakaa. Rafu tupu. Anakuja mtu, ananikuta, hana cha kununua na mimi sina cha kuuza, tunaulizana habari za nyumbani, anaondoka. Mama, ukifunga mlango watu wanazoea."

Kisha akanionyesha rafu zake za sasa: sabuni za rangi tatu, dawa ya meno, betri, biskuti zenye picha ya mtoto mnene. Akafungua pakiti moja ya biskuti, akanikaribisha. Nikala. Mvua ikaongezeka, na sote wawili tukafurahi kwamba imeongezeka.

"Hukuniambia unatoka wapi," akasema.

"Singida, baba."

"Aaa! Singida!" Akapiga kaunta kwa kiganja. "Mwanangu bwana shamba kaoa huko huko. Kaoa msomi. Hata sijamwona, lakini nasikia mwanamke yule akianza kuongea, mpaka..."

Hakumaliza. Alinitazama. Nilimtazama. Biskuti ilikuwa mdomoni, na nakumbuka nikiwaza kwamba insha yangu haikusema lolote kuhusu biskuti.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka. Mzee yule, ambaye kwa umri wake alipaswa kuinuka kwa hatua, alitoweka chini ya kaunta kama amekatwa kamba. Mimi nikajifunika kitenge kichwa kizima, nikageuka, nikakimbilia mlangoni, nikasahau paa. Nilijigonga hadi nyasi zikadondoka. Nikatoka nje nimejifunika uso, nashika kichwa kwa mkono mmoja na pakiti ya biskuti kwa mkono mwingine, mbio kwenye mvua.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi chini ya baraza akanidaka kitenge.

"Wewe! Umemwibia nini mzee?"

"Sijaiba, mama," nikasema huku nahema. "Nimeolewa!"

Sentensi hiyo ilinitangulia nyumbani, na kijijini pale ndiyo ikawa jina langu. Hadi naondoka siku zile za kwanza watoto walikuwa wakinipita njiani wakisema "Shikamoo, Sijaiba-Nimeolewa," na nilikuwa naitikia marahaba.

Mama mkwe aliponiona hakusema kitu mpaka alipomaliza kucheka, na hilo lilichukua muda. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, mwenye sauti ya kuamua mambo. Wifi yangu, dada wa mwisho wa mume wangu aliyekuwa bado anakaa nyumbani, ndiye aliyekuwa na hofu.

"Mama, wameonana! Na wameongea! Na wamekula pamoja! Sasa itakuwaje?"

"Nani kaona nani?" akauliza mama mkwe. "Dukani aliingia mteja. Mwenye duka akamhudumia. Mkwe wangu mimi ndiyo kwanza namwona hapa, amelowa. Karibu, mwanangu. Mugonile."

Nikajibu salamu, na hukumu ikawa imetolewa. Lakini kuanzia saa hiyo, akasema, mteja ameondoka na mkwe amefika, na mkwe atafanya kama wakwe wanavyofanya.

Nikajifunza. Mzee alikuwa na kikohozi maalumu cha kona: kabla ya kuzunguka nyumba alikohoa, na mimi nikawa nimeshaingia kwenye migomba. Mwanzoni nilikuwa najificha vibaya, nusu ya mgongo inabaki nje, na wifi ananisukuma kwa nyuma: "Ingia, wifi, ingia! Unajificha kama ng'ombe." Nilipozoea nikawa hodari kupita kiasi. Siku moja niliingia kwenye migomba kwa sababu ya kikohozi cha mchungaji aliyekuja kutembelea wagonjwa, na ilibidi mama mkwe amweleze kwamba mimi si mgonjwa.

Mchungaji mwenyewe alisema desturi ile ilikuwa ya wazee wa zamani na mkristo hafungwi nayo. Baba mkwe, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na alikaa benchi la mbele, aliitikia kwa kichwa, akarudi nyumbani, akakohoa kwenye kona.

Kilichoniuma si kujificha. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeshaongea naye. Kama nisingemjua ningemkwepa kwa raha, kama wakwe wengine. Sasa nilijua kwamba nyuma ya ukuta ule kuna mtu mwenye hadithi, nami nimekatazwa.

Ukuta wenyewe ulikuwa karibu. Nyuma ya duka, chini ya paa hilo hilo, palikuwa na kibaraza cha jiko tulipochambulia maharage na kumenya mbalaga, ndizi za kupika. Kati yetu na duka palikuwa na mianzi tu na vitonge vya udongo. Huwezi kuona kitu. Kusikia, unasikia hata mtu akipiga miayo.

Likizo iliyofuata, siku ya mvua isiyo na wateja, nilikuwa nachambua maharage namweleza wifi habari za mjini: kwamba sasa wanasema vyama vya siasa vitakuwa vingi kama maduka. Wifi hakuwa anasikiliza. Lakini kutoka nyuma ya mianzi sauti ikasema taratibu:

"Wewe paka. Hebu mwulize huyo, hivyo vyama vingi nani atavilisha?"

Paka alikuwepo kweli, wa kijivu, amelala karibu na mafiga. Aliinua kichwa. Wifi akanitazama, mkono mdomoni. Mama mkwe akaendelea kumenya ndizi kama kiziwi.

"Paka," nikasema, "mwambie wanasema vitajilisha vyenyewe."

Kisha kicheko, kile kile cha kusogeza kofia.

Basi hivyo ndivyo tulivyoishi. Sijaongea na baba mkwe wangu. Niliongea na paka. Yeye pia aliongea na paka. Tulimwambia mnyama yule mambo ambayo hata wabunge hawajayasikia: bei ya kahawa, kwa nini mitumba imeua mafundi cherehani, kama ni kweli watu walifika mwezini (yeye alikataa), kama Singida kuna miti (alitilia shaka). Paka akichoka akaenda zake, tulimwongelesha hivyo hivyo. Mume wangu aliposikia kwamba baba yake na mkewe hubishana kila alasiri kupitia kwa paka, alisema, "Ah, vizuri," akaomba chai. Kwangu mimi, msomi niliyekuja kutazama ukuta wa jadi, ukuta ule ulikuwa umeacha kuwa wa jadi. Ulikuwa simu.

Halafu yakaja matofali.

Nilipanda kilima likizo moja nikayakuta yamepangwa kando ya njia, mekundu, mengi, na bati zimefunikwa kwa turubai. Duka lililotukabili lilikuwa limeshajengwa upya, saruji chini na juu, na ndani yake lilisimama jokofu la mafuta ya taa. Soda ya baridi, juu ya kilima kile! Watu walipanda kutoka Mpuguso kuja kunywa kitu ambacho kingewaumiza meno. Na wakishakunywa, walinunua na sabuni hapo hapo. Duka la baba mkwe, lililopita miaka yote ya rafu tupu, sasa rafu zimejaa ndipo lilipoanza kufa. Fundi alikuwa ameshaitwa kutoka Bulyaga. Angebomoa mianzi yote, pande zote nne, aanze na msingi.

Nilijaribu kumwambia wifi kwamba labda, pengine, nyumba kama ile haitapatikana tena.

Wifi akaweka mikono kiunoni. "Wifi. Wewe Mbeya unalala kwenye nini?"

"Kwenye matofali."

"Na juu?"

"Bati."

"Halafu sisi ndiyo tukae kwenye makumbusho? Ili wewe ukija likizo upapase?" Akanigeukia mara ya pili kutoka mlangoni. "Nyasi zile zinavuja kwenye kitanda changu, si chako."

Alikuwa anasema kweli, na kila mtu pale alijua kwamba mimi napenda vitu vya zamani kwa jinsi wasomi wanavyovipenda, yaani vikiwa vya watu wengine. Ningepiga kelele, wangesema ni shule. Nisingeweza kusema neno lenyewe: kwamba matofali hayapitishi sauti. Mkwe hawezi kusimama hadharani akadai haki ya kuongea na baba mkwe wake, wakati wote wanajua kwamba hajawahi kuongea naye.

Alasiri nikakaa kwenye kibaraza. Mvua ilikuwa ndogo. Upande wa pili nilisikia akipanga maboksi, taratibu kuliko kawaida.

"Paka," nikasema, "mwulize mwenye duka kama matofali yana masikio."

Maboksi yakaacha kusogea.

"Paka," akasema, "mwambie soda ya baridi inauzwa. Mwambie mimi sikufunga wakati sina kitu. Siwezi kufunga wakati ninacho."

"Mwambie nimeelewa."

"Mwambie najua ameelewa. Ndiyo maana inaniuma."

Wifi, aliyekuwa anapepeta mchele, aliacha kupepeta. Mama mkwe akapiga kelele kuna moshi, moshi mkali, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, ingawa siku hiyo moto ulikuwa unawaka vizuri tu. Kesho yake nikarudi Mbeya. Fundi alikuwa aanze Jumatatu.

Likizo iliyofuata nilipanda kilima polepole, nikijiandaa kama mtu anayekwenda msibani. Bati niliziona tangu chini, zinang'aa hadi zinaumiza. Nilipokaribia nikaona matofali: mbele matofali, mlango mpana usiohitaji kuinamiwa, kulia matofali, kushoto matofali. Wanaume wawili waliokuwa wamekaa barazani kwenye duka la soda walikuwa wakilitazama jengo lile na kucheka, na sikuelewa wanacheka nini mpaka nilipozunguka nyuma.

Ukuta wa nyuma ulikuwa mianzi.

Mianzi ile ile, vitonge vile vile, kidole cha mama yake na kidole cha mkewe. Ulikuwa umebanwa na nguzo mbili za matofali, umeingizwa kati kama picha kwenye fremu. Na pembeni, wazi kabisa ili kila mpita njia aone, palipangwa matofali yaliyobaki, mengi ya kutosha ukuta mzima.

Fundi alikuwa amekuja siku hiyo kurekebisha bawaba za mlango. Alinidaka nikiwa nimesimama.

"Mama, usiniangalie mimi," akasema kabla sijafungua mdomo. "Kilima kizima wananicheka, wanasema nimekula matofali ya mzee. Nilimwambia yanatosha! Nikamhesabia! Akaniambia nyuma pabaki hivyo. Namwuliza kwa nini. Ananiambia mwizi akikata mianzi inapiga kelele. Sasa mama, mwizi gani anakata mianzi pale na nyie mmekaa hapo mchana kutwa?"

"Mimi aliniambia ni hewa," akasema wifi kutoka jikoni. "Unga unahitaji hewa."

Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake, kisu mkononi. "Tangu naolewa namwomba dirisha moja la jiko," akasema, bila kumwangalia yeyote. "Moja tu. Sikulipata. Lakini paka kajengewa ukuta." Akanisogezea ungo wa maharage kwa mguu. "Kaa, mwanangu. Chambua."

Nikakaa. Nikaanza kuchambua. Macho yangu hayakuwa mazuri sana na nadhani nilitupa maharage mengi mazima. Nyuma ya mianzi kulikuwa na mteja. Nikasikia soda ikifunguliwa, kwa hiyo jokofu nalo lilikuwa limefika. Mteja akaondoka. Kisha kikohozi.

"Wewe paka," akasema. "Hebu mwulize huyo kama Mbeya kuna habari."

Nikatazama kwenye mafiga. Paka hakuwepo. Nikamtazama wifi.

Wifi akainama hadi sikioni kwangu. "Paka alikufa masika," akanong'ona. "Baba mwenyewe ndiye aliyemzika." Akageukia ukuta na kuvuta pumzi, kama anayetaka kuliweka jambo hilo sawa, na mama mkwe, bila kuacha kumenya, akamnyooshea kisu chenye ganda la ndizi kwenye ncha. Wifi akafunga mdomo.

"Paka," nikasema, "mwambie zipo. Ila ni ndefu, atafute kiti."

Nikasikia kiti kikivutwa.